Kifungua Mimba wa Dizeli

Asubuhi ile mama wa nyumba aligoma. Hakugombana na mtu, hakupandisha sauti, wala hakununa. Alitoka na kikapu chake mkononi, akalipita gari lililokuwa likinguruma uani kana kwamba halioni, akafungua geti na kushika njia ya sokoni kwa miguu.

Mumewe, ambaye mji mzima ulimwita Mzee Usipepese, alibaki ameshika usukani mdomo wazi. Jina hilo alilipata kazini. Karibu kila aliyesoma katika shule za mji ule aliwahi kupangwa juu ya majukwaa yake ya mbao na kusikia sauti nyuma ya kamera ikisema, "Tulieni... usipepese!" Miaka nenda miaka rudi alipiga picha za madarasa, na miaka yote hiyo mbao zilisafiri nyuma ya stesheni wagoni hiyo ya dizeli, mkewe amekaa kiti cha mbele.

Akatia gia ya kwanza, akamfuata. Gari likatambaa kando ya mama, dirisha limeshushwa, moshi unawatangulia.

"Panda, mama. Jua hili."

"Jua nimelizoea."

"Watu wanatutazama."

"Waache watazame. Kutazamwa hakuui. Kinachoua nakijua, na wewe unakijua."

Kinyozi aliyekuwa amesimama mlangoni mwa kibanda chake alishindwa kujizuia. "Mzee, unamtongoza upya?" akauliza, na wateja wake wakacheka. Usipepese naye alicheka, kicheko cha kulazimisha, huku masikio yakiwaka moto. Macho yake akayaelekeza chini, kwenye viatu vya mkewe. Kile cha kulia kilikuwa na soli mpya isiyofanana rangi na mwenzake. Ilikuwa hivyo siku zote: kiatu cha kulia huisha, cha kushoto kinadunda. Fundi viatu aliwahi kumuuliza kama mkewe anacheza mpira. Walikitania kiatu hicho tangu ujana wao, na asubuhi ile Usipepese alitamani sana kukitania, ila aliona si wakati wake.

Kilichomgomesha mama kilitokea wiki iliyotangulia. Walikuwa wanatoka shule ya wasichana iliyo juu ya kilima, walikokwenda kukubaliana na mwalimu mkuu siku ya picha. Mbao zilikuwa nyuma, kama kawaida, maana nyumbani hapakuwa na pa kuziweka. Katikati ya mteremko breki zikaanza kunuka, kisha pedali ikalainika chini ya mguu. Usipepese akapampu mara mbili, mara tatu, kama alivyozoea kuibembeleza. Safari hii haikubembelezeka. Gari lilipita njia panda bila kumsalimu mtu, likamkosa mwendesha baiskeli kwa unywele, likajichimbia kwenye lundo la mchanga la watu waliokuwa wakijenga.

Hakuna aliyeumia, na pengine ndiyo sababu watu walipata nafasi ya kucheka. Msimamizi wa ujenzi hakucheka. Alitaka mchanga wake uliomwagika barabarani urudishwe, wote. Goti la Usipepese halikuwa la kuinamia, naye akasingizia kukagua gari, kwa hiyo aliyeinama ni mkewe. Mwanamke mzima, mwenye wajukuu, alizoa mchanga kwa viganja mbele ya vijana walioegemea makoleo yao. Alipomaliza alifuta mikono kwenye gauni, akarudi nyumbani kwa miguu, na tangu siku hiyo hakuugusa tena mlango wa gari lile.

Hapo ndipo Usipepese alipobanwa. Shule ya wasichana ndiyo pekee iliyobaki. Nyingine zote zilishahamia kwenye simu. Mwalimu ananyoosha mkono, anabonyeza, basi. Na picha ya darasa bila mama haikuwa picha. Yeye ndiye aliyejua nani asimame karibu na nani, nani ana soksi yenye tundu afichwe mstari wa nyuma, nani amelia asubuhi na anahitaji kuambiwa jambo la kuchekesha. Mwaka ambao mama alimzaa binti yao, Usipepese alijaribu kupiga peke yake. Watoto walitoka kama mahabusu.

*

Binti yao, ambaye sasa ni muuguzi, alikuja mwisho wa wiki. Hakuja peke yake. Alikuja na bwana mmoja mwenye shati la mikono mifupi, mnunuzi wa vyuma chakavu.

"Baba, usinielewe vibaya," alisema. "Mimi wodini nawapokea watu waliokosa breki. Sitaki kuwapokea ninyi."

"Kwa hiyo umeniletea mnunuzi."

"Nimekuletea mtu mzungumze. Hulazimishwi."

Mnunuzi alilizunguka gari. Lilikuwa la rangi ya kahawia iliyopauka, refu, na kioo cha nyuma kilikuwa na ufa uliogandishwa kwa gundi. Akapiga teke gurudumu, akainama kutazama chini, akajikuna shingo.

"Nitakupa bei nzuri kwa kilo," alisema.

"Kwa kilo?" Usipepese alidhani hakusikia vizuri.

"Mzee, gari kama hili haliuzwi kwa jina. Tunapima. Zile mbao za nyuma utoe, zisije zikaongeza uzito bure."

Usipepese alitazama paa la gari, mahali ambapo binti huyo huyo alikuwa akilala chali utotoni, akihesabu nyota na kuchanganya hesabu. Alimtazama binti, na binti akatazama pembeni. Inawezekana naye alikumbuka.

Mama alikuwa kwenye kizingiti cha jikoni, anakausha sahani. Tangu wageni waingie hakuwa amesema neno zaidi ya karibu.

"Huyo ni kifungua mimba wangu," akasema taratibu. "Alikuja nyumba hii kabla yako, binti yangu. Nimekubeba tumboni humo ndani, na nimekunyonyesha humo ndani baba yako akipanga mbao. Hauzwi kwa kilo."

Uso wa Usipepese ulichanua. "Mmesikia?" akasema. "Basi siku ya picha, mama, tutakwenda wote..."

"Sikusema nitapanda," mama akamkata. "Nimesema hauzwi." Akarudi jikoni na sahani yake.

Mnunuzi akaaga. Binti alibaki, akamshika baba yake mkono kama alivyowashika wagonjwa wake. "Kama hauzwi, litengenezwe," alisema. "Lakini si kutengenezwa kwako kwa waya na sabuni, baba. Litengenezwe kweli kweli."

*

Fundi aliyepelekewa gari alikuwa mtu wa makamo, mnene, mwenye karakana nyuma ya kituo cha mafuta. Alilipandisha kwenye jeki, akatoa magurudumu ya mbele, akamwita Usipepese aje aone.

"Diski hizi zimeungua hadi zimekuwa za buluu. Unaona? Nikikuwekea pedi mpya leo, mwezi ujao utarudi. Breki hizi kiwanda kilizipimia familia na begi la nguo. Wewe unabeba mbao za kujengea nyumba. Kwenye mteremko zinapata moto, mafuta ya breki yanachemka, yakichemka yanaleta upepo. Siku ile ya mchanga ulikuwa unakanyaga upepo tu."

"Sasa dawa?"

"Tuziongeze ukubwa. Gari hili lina ndugu yake, lile la kubebea wagonjwa. Chasisi moja, injini moja, ila breki zake ni za kazi: diski pana, kalipa, yale makoleo ya kuibana diski, zenye pistoni mbili mbili. Moja limelala kwangu hapo nyuma, injini imekufa, breki hazina neno. Pedi na mipira tutanunua vipya. Rimu zako hazitaingia, ni ndogo, tutachukua na rimu zake. Halafu nitakuwekea busta yake, kubwa, ili mguu usihangaike."

"Mguu gani unahangaika?" Usipepese aliuliza, akijikaza asimame sawa.

Fundi alifuta mikono kwenye kitambaa. "Mzee wangu, nimeona ulivyoshuka garini," akasema kwa upole.

Usipepese alitazama chini. Goti lile alikuwa amelificha kwa miaka miwili. Alijifunza kuketi kabla watu hawajamtazama, kusimama wakiwa wamegeuka. Alidhani siri ni yake peke yake, kumbe karakana nzima ilikuwa inamwona.

"Tena hii pampu ya kuivutia busta upepo, nyuma ya altaneta, imechoka," fundi aliendelea haraka, kama mtu anayefunika uchi wa mwenzake. "Injini ya petroli huivuta busta yenyewe. Dizeli haiwezi, lazima isaidiwe na pampu. Pampu ikichoka, breki inakuwa ngumu hata kwa mguu wa mwanajeshi. Kwa hiyo kosa si la mguu peke yake."

"Una maneno matamu, fundi."

"Nilifundishwa na wewe. 'Tulieni, usipepese!' Nilikuwa mstari wa tatu, wa pili kutoka kushoto. Nikapepesa. Picha ipo kwa mama yangu mpaka leo, darasa zima wana macho, mimi nimelala."

Wakacheka mpaka Usipepese akashika jeki asianguke.

Fedha ya matengenezo ilitoka kwenye taa. Taa kubwa za studio yake ya zamani, zenye miavuli, zilikuwa zimesimama sebuleni kama wageni wasioaga tangu studio ifungwe. Mwenye mgahawa mpya alizitaka. Alipokuja kuzichukua Usipepese alimweleza namna ya kubadili balbu na umbali wa kuziweka ili sura isipate kivuli cha pua.

"Hatutaziwasha, mzee," yule bwana akasema. "Tutazitundika tu ukutani. Ni mapambo, watu wanapenda vitu vya kizamani."

Usipepese alimsaidia kuzibeba hadi nje. Aliporudi, sebule ilikuwa kubwa mno. Mama alipanga viti upya, akaweka chake mahali taa ya kwanza ilipokuwa.

*

Kazi ilikaribia mwisho siku moja kabla ya picha. Usipepese alikuwa ameketi kwenye tairi kuukuu, anapuliza chai, fundi alipomwita kutoka ndani ya gari.

"Mzee, masta silinda, ile ya kusukuma mafuta ya breki, ilikuwa inavujia ndani, mafuta yameloanisha zulia. Nimelitoa lote. Hebu njoo hapa." Alikuwa amepiga magoti upande wa abiria. "Gari hili lilikuwa la shule ya udereva kabla hujalinunua?"

"Nililinunua jipya. Kwa nini?"

"Huku nako kulikuwa na pedali?"

Usipepese alisogea, akashika fremu ya mlango na kuinama kadiri goti lilivyomruhusu. Zulia lilikuwa limetandazwa chini kando ya mlango, na upande wa abiria, mahali mguu wa kulia unapofika mtu akiunyoosha, palikuwa na tundu. Halikuwa tundu la panya wala la moto. Lilikuwa na umbo la nusu ya mbele ya kiatu, kingo zake zimelainika kwa kusuguliwa. Fundi akaangaza tochi sakafuni. Pale palipokuwa chini ya tundu, rangi ya bati ilikuwa imekwisha kabisa, chuma kinang'aa, na kilikuwa kimebonyea kidogo.

"Kuna mtu alikuwa anakanyaga hapa," fundi akasema huku anacheka. "Anakanyaga kwa nguvu."

Kisha akamwona mzee usoni, akaacha kucheka.

Usipepese aliketi kwenye kizingiti cha mlango wa gari. Kiatu cha kulia. Miaka yote ile alikipeleka kwa fundi viatu, akilalamika, akitania, akimwambia mkewe anatembea upande. Alimwona sasa, safari baada ya safari: mteremko wa shule ya wasichana, kona ya kiwandani, siku za mvua walipobeba mbao na turubai, siku alipomkimbiza binti yao hospitali na homa. Yeye akiimba, maana alipenda kuimba akiendesha, na mke amekaa ametulia pembeni, mikono imelala mapajani, anaitikia kiitikio. Mikono ndiyo aliyokuwa akiiona. Miguu hakuwahi kuitazama.

Alijisikia vibaya, na papo hapo akajisikia mtu aliyependwa kuliko alivyodhani, na mambo hayo mawili hayakutaka kuachana kifuani mwake.

"Nitakushonea kipande kipya hapo," fundi akasema. "Nina zulia la rangi hiyo hiyo."

"La dereva libadilishe," Usipepese akajibu. "La abiria lioshe tu. Usilizibe."

Jioni wakalitoa kulijaribu, fundi amekaa kiti cha abiria. Walipofika penye uwazi fundi akamwambia afunge breki. Usipepese alifanya kama alivyofanya maisha yake yote. Alianza mapema, akakanyaga kwa nguvu zake zote ili apampu mara ya pili. Mara ya pili haikuwahi kufika. Gari lilisimama palepale, na paji la uso la fundi likaenda kusalimiana na kioo.

"Pole! Pole sana!"

"Si neno," fundi akasema, anajipapasa. "Ila mzee, hizi hazibembelezwi. Gusa mara moja, kama unagusa shavu la mtoto."

Walirudia mpaka jua likazama. Mguu ulikuwa mkaidi. Kila walipokaribia kusimama ulitaka kurudia wimbo wake wa zamani. Mwishowe ukaelewa.

*

Asubuhi ya picha aliliegesha gari mbele ya mlango wa jikoni, akazima injini. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kazi, lakini mkoba hakuushika.

"Nimesikia limepona," alisema.

"Limepona. Lakini sikuja kukusifia breki." Akafungua mlango wa abiria. "Nimekuja kukuomba unioneshe unapokanyagia."

Macho ya mama yakashuka hadi kwenye lile tundu, ambalo sasa lilikuwa safi, na mikono ikashika mdomo.

"Umeona."

"Nimeona."

"Mungu wangu. Aibu gani hii."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza," mama akasema, na sasa alikuwa karibu kucheka na karibu kulia. "Ulimkwepa yule mbuzi, unakumbuka? Nikakanyaga. Mbuzi akapona. Basi nikaona ni bora niendelee."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeacha kuimba."

Usipepese alitaka kusema samahani, na akasema. Alisema samahani ya mbuzi, ya mchanga, ya viatu vyote vile na utani wake. Mama alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akafunga mlango wa jikoni, akachukua mkoba na kuingia garini.

"Goti leo likoje?" aliuliza akifunga mkanda, bila kumtazama.

"Na hilo unalijua?"

"Endesha, tutachelewa."

Shuleni wasichana walikuwa wamekwisha pangwa kwa urefu, na mama akawapangua wote. Aliwahamisha, akafunga kola, akamnong'oneza mmoja aliyekuwa amevimba macho jambo lililomfanya acheke mpaka akaziba uso. Jua lilikuwa laini. Usipepese alisimama nyuma ya kamera na kuwatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nyuso zilikuwa mpya, lakini mistari ilikuwa ile ile, na mbao zililia vile vile chini ya viatu.

"Tulieni," akasema. "Usipepese!"

Wakati wa kupakia mbao mwalimu mkuu aliwasogelea, mikono ameishika mgongoni. Alizungukazunguka na habari za mvua kabla hajasema. Mwakani wazazi wameamua kila mtoto apigwe picha kwa simu, peke yake, atumiwe mzazi. Ni rahisi zaidi. Yeye mwenyewe picha yake ya shule ilipigwa na mzee, na angependa... lakini wazazi ndio wameamua.

"Tumeelewa, mwalimu," mama akajibu. "Asante kwa kutuvumilia."

Waliondoka. Mteremko ukafunguka mbele yao, mrefu, na chini kabisa njia panda ilionekana, pamoja na ukuta mpya mahali lilipokuwa lundo la mchanga. Mbao zilinong'onezana nyuma. Usipepese hakuwa na moyo wa kuimba, lakini alianza, kwa sauti ya chini, na kwenye kiitikio mama akaitikia.

Gari lilishuka kwa utulivu, halikunuka, halikutetemeka. Walipoikaribia njia panda Usipepese aligusa pedali mara moja, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao akatazama chini upande wa pili. Kiatu cha kulia kilikuwa kimenyooka, kimeingia tunduni mwake, kinakanyaga.

Gari likasimama, laini kabisa.

"Umekanyaga?" akauliza.

"Nimekanyaga."

"Ndiyo maana limesimama."

Mama alicheka, akafuta jicho kwa kiganja. Njia panda ilikuwa tupu kulia na kushoto, nyuma yao hapakuwa na wa kuwapigia honi. Wangeweza kwenda. Waliketi pale injini ikinguruma, na hakuna kati yao aliyeondoa mguu.